Nilivyomshikilia Mama kwa Mausi

Wiki jana kompyuta moja ilikwama pale kazini kwangu, mtaa wa Fedha. Mimi hujazia watu fomu zao na kuwachapishia barua. Si kazi kubwa, lakini ina kiti, na mtu mwenye kiti anaweza kuota kuhusu mambo mengi bila kuchoka miguu. Mteja mmoja, kijana wa kofia, alishindwa kungoja. Akabana kile kiboksi cha barua yake kwa mausi, akaanza kukivuta huku na kule kwenye skrini. Kiboksi kikawa kinaacha nakala zake kila kinapopita, moja juu ya nyingine, kama karata zilizomwagika mezani.

"Madam, cheki, nimezaa mapacha," akasema, na watu wote kwenye foleni wakacheka.

Kwa kawaida mimi ndiye huwa wa kwanza kucheka. Siku hiyo nilitoka nje nikasimama karibu na mama muuza mahindi, nikanunua hindi nisilolitaka.

Wa rika langu mnaikumbuka saiba, duka la kukodi kompyuta na mtandao kwa dakika, wakati kompyuta haijaingia mfukoni mwa kila mtu. Yetu ilikuwa ya Mama Shiku, chini ya ploti, jengo la kupanga tulilokaa mtaa wa Tassia, katikati ya kinyozi na muuza gesi. Ilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukutani, chenye kompyuta nne. Mbili zilifanya kazi, moja ilitegemea hali ya hewa, na ya nne ilikuwa ya kuwekea sufuria ya chai. Skrini zilikuwa na vitambi kwa nyuma. Kamera ilikuwa kama jicho la mbuzi, imebanwa juu kwa kibanio cha nguo. Hedfoni zilikuwa zimechanika sponji na zilinuka mafuta ya nywele ya mtaa mzima. Hata leo nikisikia vumbi linaungua ndani ya kompyuta kuukuu, ile harufu ya joto kavu, kitu cha kwanza kunijia ni uso wa mama yangu.

Mama, jina lake Fanisi, alikwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumba nikiwa darasa la pili. Baba sikumjua, na hilo liacheni hapo. Aliniacha kwa dada yake mkubwa, Anti Trufena, ambaye aliuza omena na njugu pale geti, na alikuwa na mdomo ambao hata makanga wa matatu walikuwa wanauheshimu. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunateremka kwa Mama Shiku na nguo zetu nzuri, tunakaa kompyuta ya pili, tunangoja. Mama alikuwa akipiga mchana, wenye nyumba wakiwa wamelala, kwa simu ya kuazima ya binti wa pale. Kompyuta ilianza kulia kama kuku anayetaga, Anti anabonyeza, na mama anatokea kwenye kiboksi kidogo, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amesimama kando ya friji.

Anti alikuwa anaongea kwanza. Mambo ya wakubwa, kwa Kiluhya, haraka haraka. Kisha mimi nilikuwa napewa hedfoni.

"Sasa, mama," mama alikuwa akiniita hivyo, kama wamama wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chapati."

"Muongo. Jumapili iliyopita pia ulisema chapati. Trufena anatoa wapi unga wote huo?"

Nilipenda akicheka. Lakini kabla sijaanza kuonja kile kicheko, ilikuwa ni "Haya mama, wacha niende, wanaamka." Kiboksi kinabaki kitupu, kijivu, kama sahani iliyorambwa.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa kushikashika. Anti akiongea, mkono wangu ulikuwa kwa mausi. Niligundua kwamba ukibana sehemu ya juu ya kiboksi, pale penye mstari wa bluu, ukiishikilia bila kuachilia, kila kitu kingine kinasimama. Mara ya kwanza niliona kwa wimbo. Mama Shiku alikuwa amefungua nyimbo za kanisa kwenye kompyuta ile ile, mimi nikavuta kiboksi, na mwimbaji akanyamaza katikati ya neno. Nikaachilia, akamalizia neno lake. Sikuamini. Siku nyingine kulikuwa na picha za harusi za mtu zinanakiliwa kwenye sidii, na kile kistari cha kijani kilikuwa kinatembea polepole kama konokono. Nikabana, kikasimama. Nikahesabu mpaka kumi, nikaachilia, kikaendelea pale pale kilipokuwa. Hakuna picha iliyopotea. Bibi harusi alitoka mzima.

"Wewe!" Mama Shiku aliniona. "Wacha hiyo kitu. Unasumbua mashini."

"Mbona inasimama?"

Mama Shiku alijua mambo mawili kuhusu kompyuta, kuiwasha na kuizima, lakini maelezo yake yalikuwa matamu kuliko ya mwalimu yeyote. "Hii ni ya zamani, haina mikono mingi. Ukiishika, inaacha kazi zake zote inakufuata wewe peke yako. Ni kama nikiwa nasonga ugali, halafu wewe univute sketi. Si nitageuka nikuangalie? Na ugali nao?"

"Utangoja," nikamwambia.

Alicheka mpaka akafuta macho na leso. "Haya basi. Utangoja."

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, fundi mmoja alinithibitishia kwamba Mama Shiku hakuwa mbali na ukweli. Alisema kuna programu za siku hizo ambazo ukibana kiboksi chake zilikuwa zinaacha kila kitu kungoja kidole chako, na mashini ikiwa dhaifu hata kazi za nyuma zinakosa zamu. Alinieleza kama mtu anayesimulia jambo la kuchekesha. Sikumwambia kwa nini nilikuwa nauliza.

Kwa sababu mnaona vile akili ya mtoto ilivyopanga. Wimbo unasimama na unangoja. Picha zinasimama na zinangoja. Basi na mama.

Nikaanza kumjaribu. Alipofika kwa lile neno lake la "wacha niende," nilibana. Mama akaganda, mkono juu, mdomo nusu wazi, sauti ikakatika. Nilikuwa nimemzuia. Hakuweza kwenda! Nilimtazama nilivyotaka: kovu dogo la nyusi, kitambaa cha kichwa, kile kiraka cha mwanga wa friji shavuni. Nilihesabu ishirini, nikaachilia, na mara nyingine nilimkuta anasema "Halo? Mko? Mmepotea tena?" Mara nyingine nilikuta kiboksi kitupu. Ile ya kitupu nilijilaumu kwamba nimeachilia kwa pupa, kama mtu anayefungua sufuria ya mchele kabla haujakauka. Wiki iliyofuata nilikuwa naachilia polepole.

Hakuna aliyejua. Anti alidhani ni mtandao. Kila mtu siku hizo alilaumu mtandao.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mvua. Tulikuwa tumekaa tunangoja, mvua ikaanza ghafla, matone makubwa ya kwanza yale yanayopiga mabati kama mtu anatupa njugu. Anti akaruka. "Nguo zangu! Yesu, nguo!" Kamba za ploti zilikuwa juu kabisa, orofa ya sita, na alikuwa ameanika mablanketi. "Kaa hapa. Mama yako akipiga mwambie nakuja." Nikasikia slipa zake zikipanda ngazi.

Hajafika hata orofa ya pili, kompyuta ikalia.

Mama hakuwa kando ya friji. Alikuwa mahali penye giza kidogo, labda stoo, na hakuniuliza kama nimekula.

"Anti ako wapi?"

"Ameenda kuanua nguo."

"Mwite. Kimbia umwite, mama."

Ukweli wangu ni huu, na nimeubeba mpaka hapa. Nilimsikia vizuri. Lakini nilijua Anti akija atachukua hedfoni, wataanza Kiluhya chao, na mimi nitabakishiwa kwaheri. Nikasema, "Anakuja."

Mama akageuka akaangalia nyuma yake. "Basi nisikilize wewe. Sina muda. Sikiliza vizuri, halafu umwambie Anti vile nimesema..."

Sina muda. Kwangu hayo yalikuwa maneno ya kuaga. Nikabana.

Akaganda akiniangalia, macho makubwa. Nikashikilia kwa mikono yote miwili. Mvua ilikuwa imeshika kasi, Mama Shiku alikuwa anakimbizana na beseni za kukinga maji, hakuna aliyeniona. Nilipita ishirini. Nilipita mia, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kidole kikaanza kuuma, kikafa ganzi. Nilikuwa na furaha, jamani. Nilikuwa nimemweka mama yangu mpaka Anti arudi, tutamkuta wote wawili, na Anti atashangaa nilivyo mwerevu.

Niliposikia slipa zinashuka niliachilia, polepole sana.

Kiboksi kilikuwa kitupu.

"Amepiga?" Anti alikuwa amelowa, blanketi begani kama mtoto aliyelala.

"Amepiga."

"Amesema nini?"

Ningesema sijui. Neno moja tu. Lakini ningeulizwa kwa nini sijui, na nilikuwa nimekatazwa kushika ile kitu. "Amesema yuko sawa. Atapiga Jumapili."

"Hakusema ingine?"

"Amesema nifanye kazi ya shule."

"Si huyo ndiye Fanisi," Anti akasema, akakamua upindo wa rinda. "Hata akiwa peponi atauliza kazi ya shule."

Jumapili hiyo hakupiga, wala iliyofuata. Tulikaa na nguo zetu nzuri mbele ya skrini, Anti akimenya njugu na kuweka maganda mfukoni. Watu wa kanisa walipomuuliza, aliwajibu kwa maneno yangu. "Alimwambia mtoto yuko sawa." Mwanamke mmoja aliyekuwa na binti huko alimshauri aende mjini kwa ajenti aliyempeleka mama, aulizie. Anti akasema atangoja kidogo, asije akamharibia dada yake kazi kwa kimbelembele. "Si alisema yuko sawa." Kila alipolisema, mimi nilikuwa nainama kufunga kamba ya kiatu.

Wiki ya tano nilimfuata Mama Shiku akifagia. Nikamuuliza, mtu akishikwa pale kwa kompyuta, anaweza kukaa hivyo siku ngapi?

"Kushikwa na nani?"

"Na mausi. Kama mama."

Akaacha kufagia. "Mama yako hashikiki, mtoi. Hiyo unaona ni picha. Yeye huko anaendelea na maneno yake. Ni wewe umejifungia nje."

"Na wimbo mbona unangoja?"

"Wimbo uko hapa ndani. Mama yako hayuko hapa ndani."

Nakumbuka nilienda nikakaa kwa ngazi, nikaangalia maji machafu yakipita mtaroni na ganda la ndizi juu yake. Nilikuwa nikijiambia nitamwambia Anti leo. Nikasema kesho. Anti aliniletea mandazi akidhani ninamlilia mama, na nikayala.

Mama alirudi nikiwa darasa la tano. Hakuna aliyeenda kumpokea kwa sababu hakuna aliyejua. Alitokea mlangoni na mfuko mmoja wa nailoni, mwembamba, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki. Nilimwamkia kama mgeni. Anti alipiga kelele, akamkumbatia, akamkalisha, akaanza kuwasha stovu, na ndipo mama akasema bila kuinua sauti:

"Trufena. Kwa nini hukuenda?"

"Kwenda wapi?"

"Kwa ajenti. Nilimwambia mtoto. Walikuwa wananipeleka nyumba ya ndugu yao, mbali, siku hiyo hiyo. Nilitaja jina la mji. Nilitaja jina la mwenye nyumba. Nilisema muende kesho yake asubuhi, kwamba huko sitapata simu. Nilirudia mara tatu."

Anti alikuwa na kiberiti mkononi. Akanigeukia. Sijui uso wangu ulikuwa vipi, lakini Anti alikuwa mwanamke aliyejua omena mbichi kwa kuiangalia tu. Alinisoma, akamaliza, akaufunga ule ukurasa.

"Aliniambia," akamjibu mama.

"Na ukafanya nini?"

"Nilidhani unalalamika tu. Kazi ya watu ni kazi ya watu."

 Mama akasimama, chai haijachemka, akanishika mkono, tukatoka. Wiki hiyo tulihamia chumba kimoja mtaa wa Majengo, na kutoka siku hiyo mama na dada yake hawakusalimiana tena. Kwenye harusi za ukoo walikaa pande mbili za hema. Mtu akitaja jina la Anti, mama alikuwa akisema "yule," basi.

Mwaka mmoja baadaye nilimtoroka mama nikaenda Tassia. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini Anti alinipa njugu na kiti.

"Nitamwambia," nikasema.

"Utamwambia nini? Kaa kimya wewe."

"Lakini Anti, si ni mimi."

"Sikiliza, kadada. Huko alikokuwa alikuwa anashikilia kitu kimoja tu, na ni wewe. Sasa nimnyang'anye hicho pia? Wacha anichukie mimi. Mimi mgongo wangu mpana, hata duka la kununua sweta ya saizi yangu sijapata." Alicheka mwenyewe, halafu akaangalia geti muda mrefu. "Lakini anakula? Bado anapenda omena bila nyanya?"

Nilikuwa nampelekea habari hizo miaka yote. Mama amekula. Mama ana kibanda cha kuuza githeri sasa. Mama amekohoa wiki nzima. Anti alizipokea kama mtu anayepokea barua.

Anti alikufa mwezi uliopita, ugonjwa wa tumbo, aliugua wiki tatu tu. Wamama wa ukoo walikuwa wanakutana Tassia kila siku kupanga safari ya kumpeleka nyumbani, na kila siku walikuwa wananiuliza: Fanisi yuko wapi? Dada ni mmoja tu, nani atakaa karibu na kichwa cha marehemu? Mama alikuwa Majengo anachambua maharagwe. Alisema atatuma pole.

Nilimwambia asubuhi, hapo hapo kwenye sinia. Nilimwambia yote, mvua, kiboksi, kuhesabu mia, na uongo wangu wa "yuko sawa." Alikuwa anatoa mawe na kuyatupa kwenye kikombe, akaendelea kuyatoa mpaka nilipofika mwisho.

"Ulishika," akasema.

"Nilishika."

"Kwa nini?"

"Ili usiende."

Mama akatikisa sinia. Nje mtu alikuwa anauza sabuni kwa spika. "Mimi nilikuona umesimama kwa simu," akasema, "macho wazi, kimya. Nilijua kumekatika. Lakini nikaendelea kuongea kwa sababu ulikuwa unaniangalia." Halafu akauliza, "Trufena alijua?"

"Alijua siku uliyorudi. Alisoma kwa uso wangu."

Mama akaweka sinia chini. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Lakini aliangalia tu vile vidole vyake viwili.

"Miaka yote hii nimejua vile ya kumkasirikia," akasema. "Sasa nitamlilia na nini?"

Alikwenda Tassia. Wamama walimsogezea nafasi kwenye benchi bila swali. Nilipotaka kukaa karibu naye aliniambia, "Nenda kawasaidie na vikombe," nikaenda.  Nikiwa kwa karai la maji nilimsikia akianza kuomboleza, kwa kusitasita, anakohoa, anaacha, anaanza tena, na wale wengine wakanyamaza wakampa nafasi.

Tulirudi kutoka mazishini wiki mbili zilizopita. Mama haniiti tena "mama." Ananisalimia, ananiuliza kama nimefunga mlango, basi. Ile hasira aliyombebesha Anti imehamia hapa kwangu, na siwezi kusema imepotea njia. Sijui itakaa muda gani. Nikiwa na matumaini, na mimi huwa nayo hata nisipoyataka, najiambia ni mpaka mvua zijazo.

Jana jioni aliweka sahani yangu mezani bila kuniita. Nilikaa nikala. Alipomaliza yake alibaki ameketi nami mpaka nilipomaliza yangu, na mimi nikaosha sahani zote mbili.